Kambi ya upasuaji wa uti wa mgongo kwa wagonjwa wasio na uwezo: mwongozo kamili wa timu ya kujitolea

Upasuaji wa uti wa mgongo ni miongoni mwa huduma za mwisho kabisa kumfikia mtu maskini. Kuna mtoto ambaye kibiongo kinamminya mapafu. Kuna kijana aliyeporomoka kutoka juu ya mti akapooza miguu, na mama ambaye kifua kikuu kimemla pingili mbili za mgongo. Wote hawa wanahitaji daktari bingwa, mtaalamu wa usingizi, damu, kitanda cha wagonjwa mahututi na vyuma vya bei ambayo familia zao haziwezi hata kuiwazia. Mwaka 2015 Tume ya jarida la The Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu pale wanapouhitaji. Ndiyo maana madaktari wa kujitolea husafiri kwenda nchi nyingine na kuendesha kambi za upasuaji.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandaa kambi kama hiyo, na vilevile kwa hospitali mwenyeji inayotaka kujua ina haki ya kudai nini. Msimamo wangu ni mmoja: kambi ipangwe kuanzia mwisho. Kabla ya kukata tiketi, jibu kwanza swali hili: siku ya kumi baada ya upasuaji, kidonda kikianza kutoa usaha na ninyi mko kwenu, nani atamfungua mgonjwa huyu, kwa vifaa gani, na kwa fedha za nani? Hatua zote zinazofuata zinatokana na jibu la swali hilo.

Hatua ya 1: Mtafute mwenyeji kabla ya wagonjwa

Mwenyeji si jengo. Ni daktari wa hapo hapo ambaye yuko tayari kuwabeba wagonjwa wenu kama wake, maana baada ya ninyi kuondoka watakuwa wake kweli. Kama hospitali haina daktari wa mifupa au wa ubongo na mishipa ya fahamu, msipeleke upasuaji wa mgongo pale. Tafuteni hospitali nyingine, au wasafirisheni wagonjwa kwenda mahali penye uwezo.

Njia hii ya pili si ya kudharauliwa. Daktari Mmarekani Rick Hodes, aliyeishi Addis Ababa miaka mingi, amekuwa akiwapeleka wagonjwa wa Ethiopia wenye migongo iliyopinda vibaya mno hadi Ghana kufanyiwa upasuaji. Huko walipokelewa na Oheneba Boachie-Adjei, bingwa mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi New York na kuanzisha FOCOS mwaka 1998. Shirika hilo lilianza kwa safari za kujitolea, na mwaka 2012 likafungua hospitali yake Accra. Ukitaka kujua kambi njema inaelekea wapi, tazama hapo: safari zimezaa hospitali, na hospitali inapokea wagonjwa wa mataifa jirani.

Andikeni makubaliano na hospitali mwenyeji mapema, ikiwezekana mwaka mzima kabla ya safari. Yataje nani ana neno la mwisho juu ya nani apasuliwe, nani analipia dawa na vipimo, nani analipa siku za ziada za kulazwa, na nani anarudisha mgonjwa chumba cha upasuaji tatizo likizuka. Zungumzeni pia hatima ya wagonjwa wa kawaida wa hospitali hiyo. Mkiuteka ukumbi wa upasuaji wiki nzima, mama aliyevunjika paja atasubiri. Akipata madhara, kambi yenu imechangia.

Hatua ya 2: Vibali

Sitakaa sana hapa, ila msifanye uzembe. Kila daktari, muuguzi na mtaalamu wa usingizi awe na leseni ya muda kutoka baraza husika la nchi mwenyeji. Vyeti vitumwe miezi kadhaa kabla. Ulizeni bima ya makosa ya kitabibu inatambulika vipi huko, na kama dawa za usingizi na za maumivu makali zinahitaji kibali maalumu kuingizwa. Mwanafunzi au daktari anayejifunza asiruhusiwe kufanya ugenini jambo ambalo kwao haruhusiwi kulifanya bila msimamizi. Umaskini wa mgonjwa haumfanyi kuwa ubao wa kujifunzia.

Hatua ya 3: Nendeni mkaone kwa macho

Watu wawili, mmoja wao mtaalamu wa usingizi, watangulie kuikagua hospitali. Picha na barua pepe hazitoshi. Wakifika wafanye haya:

- Wafungue mitungi ya oksijeni waone shinikizo, waulize mtungi mpya huchukua muda gani kufika.
- Wazime umeme wa ukumbi, kwa ruhusa, na kuhesabu sekunde hadi jenereta iwake. Upasuaji wa mgongo unaweza kuchukua saa nane.
- Wakae nusu siku benki ya damu. Wajue ina chupa ngapi za kila kundi, inapima magonjwa gani, na ndugu wanaochangia hupokelewa vipi.
- Waijaribu C-arm, ile eksirei ya kuzunguka meza, na kuhakikisha meza yenyewe inapitisha mionzi.
- Wafuatilie trei moja ya vifaa kuanzia kuoshwa hadi kutoka kwenye otokilevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke.
- Wahesabu vitanda vya wagonjwa mahututi, na wauguzi wa zamu ya usiku. Zamu ya usiku ndiyo inayoeleza ukweli wa hospitali.

Hilo la otokilevu linastahili maelezo. Seti ya upasuaji wa mgongo ni nzito na ina trei nyingi. Trei iliyojazwa kupita kiasi hutoka ikiwa na majimaji ndani ya vitambaa vyake, na trei yenye majimaji haihesabiki kuwa safi, hata kama mashine imekamilisha mzunguko wake. Kila trei isizidi kilo 11 hivi, na ratiba iandikwe kwa kufuata uwezo wa otokilevu. Kama inaweza kusafisha seti mbili kubwa kwa siku, basi mtafanya upasuaji mkubwa mara mbili kwa siku, hata kama kumbi ni tatu na mabingwa ni watano.

Hatua ya 4: Timu

Kosa la kawaida ni kujaza ndege madaktari wa upasuaji. Wapunguzeni. Kwa ukumbi mmoja mnahitaji bingwa wa mgongo mwenye uzoefu na msaidizi wake, wataalamu wawili wa usingizi ili mmoja apumzike, wauguzi wawili wa chumba cha upasuaji wanaozijua seti hizo kwa majina, muuguzi wa wagonjwa mahututi, mtaalamu wa fiziotherapia, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumbukumbu tu. Mnaopasua watoto, mtaalamu wa usingizi awe wa watoto.

Kila nafasi iwe na mwenzake wa hospitali mwenyeji, tangu siku ya kwanza. Muuguzi mgeni asishike zamu peke yake, na bingwa mgeni asipasue bila daktari mwenyeji mezani. Katika upasuaji ambao mwenyeji ataendelea kuufanya mwenyewe, kama kuondoa mgandamizo wa mishipa ya fahamu kiunoni au kufunga mfupa uliovunjika, yeye ndiye ashike kisu na mgeni asaidie. Kazi itakwenda taratibu zaidi na idadi ya wagonjwa itapungua. Ni gharama ninayoiona halali kabisa.

Hatua ya 5: Vyuma, mashine na mizigo

Skrubu na fito za mgongo zina familia zake. Bisibisi ya kampuni moja haifungui skrubu ya nyingine. Kwa hiyo chagueni mfumo mmoja, mkae nao mwaka hadi mwaka, na mkiondoka mwache hospitalini seti ya kufungulia vyuma hivyo. Nimeweka jambo hili mbele kwa sababu husahaulika mno: mgonjwa ana maambukizi, daktari mwenyeji yuko tayari kumfungua, ila bisibisi iko nchi nyingine. Kila mgonjwa apewe kadi yenye aina ya mfumo, ukubwa wa skrubu na pingili zilizofungwa, na nakala ibaki kwenye faili lake.

Msipeleke vyuma vilivyoisha muda wala dawa zilizobakiza wiki mbili. Mashine za msaada nazo zina historia mbaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu hospitali za nchi maskini ulikuta takribani asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi. Kabla ya kuacha mashine, ulizeni inatumia volti ngapi, vipuri vyake vinapatikana wapi, na fundi gani wa hospitali amefundishwa kuitengeneza. Bila majibu, rudini nayo. Orodha ya mizigo yenye thamani ya kila kitu na barua ya msamaha wa ushuru zitangulie forodhani wiki kadhaa kabla. Kontena lililokwama bandarini limeshavunja kambi nyingi.

Hatua ya 6: Kuchagua wagonjwa

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko upasuaji wenyewe. Mtakuta ukumbi wa kusubiria umejaa watu waliosafiri siku nzima, na nafasi hazitoshi hata robo yao. Orodha ya awali iandaliwe na daktari mwenyeji miezi miwili au mitatu kabla, picha za eksirei, CT na MRI zitumwe, na kikao kifanyike kwa njia ya mtandao. Mkifika, siku ya kwanza iwe ya kliniki pekee.

Jiulizeni maswali manne kwa kila mgonjwa. Je, upasuaji utabadilisha maisha yake au picha yake ya eksirei tu? Je, tatizo linaweza kutibiwa bila kisu? Je, hospitali hii inaweza kumhudumia akipata madhara? Je, yeye na familia yake wanaweza kurudi kliniki?

Chukueni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779 na ambao hadi leo unawapooza watu. Wengi wao hupona kwa dawa za kifua kikuu pekee, zinazotumiwa kwa miezi mingi, mara nyingi 9 hadi 12. Kisu ni kwa yule ambaye miguu inazidi kulegea, pingili zimekosa uimara, jipu kubwa linabana ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, au kibiongo kimekuwa kikali, hasa kwa mtoto anayekua. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetembea vizuri na anayetumia dawa zake hahitaji nafasi ya kambi. Anahitaji kuhakikishiwa dawa hadi mwisho.

Kwa mgongo uliopinda pembeni, yaani skoliosisi, pembe ya Cobb, yaani kipimo cha kupinda kinachochorwa kwenye eksirei, ikizidi digrii 10 ugonjwa upo, na kwa kawaida upasuaji huanza kufikiriwa ikikaribia digrii 50. Kambini mtakutana na digrii 100 na zaidi, kwa sababu hakuna aliyewaona wagonjwa hao wakiwa na digrii 30. Hawa ndio wanaogusa moyo kuliko wote, na ndio wanaoweza kufia mezani. Timu inayofika hospitali fulani kwa mara ya kwanza isiwaguse. Mwaka wa kwanza fanyeni upasuaji wa kiwango cha kati, mjue benki ya damu, wauguzi na umeme, na hawa waandaliwe kwa mwaka unaofuata au wapewe rufaa.

Yuko pia aliyevunjika mgongo miaka kadhaa iliyopita na hana hisia wala nguvu yoyote miguuni. Upasuaji hautamrudishia miguu. Mwambieni hivyo, kwa upole, mkiwa mmeketi naye, na mkalimani akiwa pembeni. Kisha mtendeeni yale yanayookoa maisha yake: kutibu vidonda vya mgandamizo, kumfundisha yeye na ndugu yake kutumia mpira wa mkojo, kumpatia kiti cha magurudumu kinachomtosha. Kila anayekataliwa upasuaji aondoke na karatasi yenye maelezo ya ugonjwa wake, dawa anazostahili na tarehe ya kurudi. Kumtoa mtu mlangoni kwa kichwa kilichotikiswa tu ni ukatili, hata kama uamuzi ulikuwa sahihi.

Hatua ya 7: Kumwandaa mgonjwa

Watoto wenye migongo iliyopinda sana huwa wamekonda. Mapafu yaliyobanwa hutumia nguvu nyingi kupumua, na tumbo lililokunjwa halibebi chakula kingi. Kidonda kirefu cha mgongo hakifungi kwa mtoto mwenye utapiamlo. Wiki sita au zaidi za kulishwa vizuri, kutibiwa minyoo na upungufu wa damu, na mazoezi ya kupumua, ni sehemu ya tiba na ziwe kwenye bajeti. Pimeni pia moyo. Mtembezeni mtoto wodini akiwa na kipima oksijeni kidoleni. Oksijeni ikiporomoka kwa hatua chache, hayuko tayari.

Kwa migongo migumu kuna njia ya kuuvuta taratibu kabla ya kisu. Pete ya chuma, halo, hufungwa kwenye fuvu kwa pini, kisha uzito huvuta kichwa kwenda juu mgonjwa akiwa kitandani, kwenye kiti cha magurudumu au amesimama ndani ya fremu. Uzito huanza kidogo na kuongezwa siku baada ya siku, hadi ufike kati ya theluthi na nusu ya uzito wa mwili. Hukaa hivyo wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Uti wa mgongo hulegea, mapafu hupata nafasi, na upasuaji huwa salama zaidi. Kazi hii yote inaweza kufanywa na wauguzi wenyeji kabla timu haijafika, mradi wafundishwe mambo mawili: kusafisha pini kila siku, na kumpima mgonjwa mara kadhaa kwa siku. Anaona viwili viwili? Anameza vizuri? Mikono ina ganzi au imelegea? Jibu moja likiwa baya, uzito upunguzwe papo hapo, bila kusubiri kibali cha mtu aliye ng'ambo.

Ridhaa ichukuliwe kwa lugha anayoiota mgonjwa, siku moja au zaidi kabla ya upasuaji, na familia ikiwepo. Kupooza, kufa, maambukizi na kurudiwa upasuaji vitajwe kwa majina. Baadaye mwombeni mgonjwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Watu maskini mara nyingi huitikia kila kitu wakiogopa kupoteza nafasi, kwa hiyo waambieni wazi kwamba wakikataa leo, hawajafukuzwa. Ridhaa ya kupigwa picha iwe karatasi nyingine kabisa, na isichanganywe na tiba.

Hatua ya 8: Siku za upasuaji

Wagonjwa wenye upasuaji mgumu zaidi wawekwe siku za mwanzo. Siku mbili za mwisho kabla ya safari ya kurudi zisiwe na upasuaji mkubwa wowote.

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, isomwe kwa sauti kwa kila mgonjwa. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa timu ambayo nusu yake wamejuana jana, kutajana majina na majukumu kabla ya kukata ngozi kuna uzito wa pekee. Antibayotiki itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya kisu.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi. Tumbo lining'inie bila kubanwa, kwa sababu tumbo lililobanwa hujaza damu kwenye mishipa inayouzunguka uti wa mgongo na kidonda hakikauki. Macho yasiguse kitu, viwiko na magoti viwekewe mito. Dawa ya traneksamiki hupunguza damu inayopotea na ni rahisi kupatikana. Chupa za damu ziwe ndani ya hospitali, zimeshalinganishwa na damu ya mgonjwa, kabla hajalazwa usingizi.

Kama mashine ya kufuatilia neva haipo, au imegoma, kuna kipimo cha kumwamsha mgonjwa mezani ambacho daktari Mfaransa Stagnara na wenzake walikieleza mwaka 1973. Dawa za usingizi hupunguzwa katikati ya upasuaji, mgonjwa anaitwa jina, anaambiwa akunje vidole vya mikono, kisha vya miguu, halafu analazwa tena. Kinafanikiwa ikiwa mambo matatu yameandaliwa: mgonjwa amekifanyia mazoezi jana yake, anayemwita anazungumza lugha yake na sauti yake anaijua, na mtu mmoja ameinama chini ya shuka akitazama miguu yote miwili. Mikono ikisogea na miguu isisogee, pandisheni shinikizo la damu, angalieni oksijeni, wingi wa damu na joto la mwili, legezeni unyooshaji uliofanywa, na mtoe skrubu yoyote mnayoitilia shaka. Mpango huo uandikwe ukutani kabla, maana wakati huo hakuna anayefikiri vizuri.

Hatua ya 9: Siku tatu za kwanza

Kila saa, usiku na mchana, kwa saa 24 za kwanza, muuguzi amwambie mgonjwa asogeze miguu na aandike alichokiona. Baadaye kila saa nne. Karatasi ya vipimo iwe na namba ya simu ya daktari mgeni na ya mwenyeji, na muuguzi aambiwe mbele ya wote kwamba ana haki ya kumwamsha yeyote. Mgonjwa ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, watu watatu wakishirikiana. Maumivu yatibiwe ipasavyo, kwa sababu asiyeweza kukohoa kwa maumivu hupata nimonia. Ndugu afundishwe kumgeuza, kumlisha na kutambua homa, kwani ndiye atakayekuwa naye nyumbani.

Hatua ya 10: Makabidhiano na ufuatiliaji

Angalau daktari mmoja na muuguzi mmoja wa timu wabaki wiki mbili baada ya wengine kuondoka. Makabidhiano yafanyike kitandani kwa kila mgonjwa, kwa maandishi: amefanyiwa nini, kitu gani kinaweza kuharibika, na kikiharibika tufanye nini. Acheni fedha mahususi kwa ajili ya kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji, na ziwe mikononi mwa hospitali, zisisubiri kuombwa.

Kliniki ziwe wiki ya 6, mwezi wa 3, mwaka 1 na mwaka wa 2. Nauli yao iko kwenye bajeti ya kambi. Tume ile ya The Lancet ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba mamilioni ya watu hufilisika kila mwaka kwa gharama zinazozunguka upasuaji, kama usafiri na chakula, hata bila kuhesabu upasuaji wenyewe, kwa hiyo neno "bure" lisitangazwe kabla haya hayajalipiwa. Chukueni namba tatu za simu kwa kila mgonjwa: yake, ya jirani, na ya mhudumu wa afya au kiongozi wa dini wa eneo lake.

Daftari moja litunzwe na pande zote mbili, likiwa na majina ya waliopasuliwa na waliokataliwa, madhara, vifo na waliopotea. Miezi sita baada ya kambi, timu na wenyeji wakae walipitie jina kwa jina. Wenyeji waanze kusema, wageni wasikilize. Ikiwa hamjui walipo robo ya wagonjwa wenu, fedha za tiketi za mwaka unaofuata zitumike kwanza kuwatafuta, na tarehe ya kambi mpya isipangwe hadi wapatikane.